Ua Lililonukia Pua Moja

Wewe unayebinua midomo hapo, irudishe mahali pake. Umesoma, sawa, lakini bati la paa likigonga, hata saa kumi za jioni, unaita watu. Ushahidi upo. Ni mtoto wa kisa hiki, siku hizi ameota meno mawili na anauma.

Bibi Mpishi alipikia wagonjwa wa hospitali miaka thelathini. Mwaka aliozikwa mumewe ilimpitia homa, na pua yake ikazimika kama taa. Kitunguu, sabuni, nepi, vyote hewa tu. Hakulia. Aliendelea kutia chumvi kwa kukisia.

Binti yake alipojifungua alitaka mmea wa kutambaa wenye maua ya kunukia, upande ukutani hadi dirisha la mtoto. Wakaenda kwa muuza miche.

"Huu maua yake hufunguka meupe, kesho yake yanageuka manjano, na jioni mtaa mzima utawaonea wivu," alisema muuza miche. "Ule mwekundu ni wa macho tu. Haunukii hata uupigie magoti."

Bibi alipita kati ya makopo akiinamisha pua kwa mazoea. Kwenye ule mwekundu akasimama. Ulinukia. Asali, na chini ya asali, shati la mumewe akitoka kazini.

"Nataka huu."

"Mama, si umeambiwa hauna harufu?"

"Pua ni yangu au yake?"

Muuza miche aliunusa, akatikisa kichwa. "Bibi, usije kunirudishia."

Wiki ya kwanza baada ya kuupanda ukutani, siku moja Bibi alisikia harufu ya sabuni. Siku hiyohiyo maharage yaliungua mpaka sufuria ikatoboka, na binti amekaa hapo hapo jikoni.

"Hukusikia harufu?"

"Harufu gani, Mama?"

Mmea ulipanda upesi kuliko mmea wa kawaida. Ulipofika dirishani, mtoto aliacha kunyonya. Kichanga hutafuta ziwa kwa pua. Huyu alipapasa kifua cha mamake kama mtu anayetafuta swichi gizani, akachoka, akalala na njaa. Zahanati walimpima, wakaona sawa, wakawarudisha. Mashavu yakaisha, kisha mapaja, na mchana mmoja Bibi akiwa nje anaanika nguo alisikia harufu ya maziwa, tamu, ya vuguvugu, iliyomjia kutoka chumba cha ndani kupitia milango miwili iliyofungwa, akajua bila kuambiwa na mtu kwamba pua iliyokuwa ikinusa usoni pake ilikuwa ndogo kuliko yake, na kwamba kuna mtu nyuma ya bega lake anayevuta pumzi kila yeye anapovuta.

Aling'oa mmea, akauchoma jua likiwa la utosi. Shati la mumewe likaendelea kunukia begani.

Mganga aliyemwita alipokuja, mwanamke mfupi mwenye kifua kibovu, hakuyatazama hata majivu. Alimzunguka Bibi mara moja, akakaa mbali naye.

"Mmea ulikuwa ngazi," alinong'ona. "Ameshapanda."

"Yuko wapi?"

"Usigeuke."

"Mtoe."

"Uliambiwa haunukii, ukalipa, ukambeba mwenyewe hadi hapa. Jini aliyekaribishwa hivyo simwezi. Anachukua pua za wa nyumba yako, anakupa wewe. Ukihama, anahama na wewe, na walio ndani watarudishiwa zao. Kokote utakakolala kutakuwa vivyo hivyo, kwa hiyo usilale kwa watu."

Binti akadaka mkono wa mamake. "Huendi popote. Huyu mwanamke mwongo, Mama. Utaishi wapi na miguu hiyo?"

"Miguu ni yangu pia. Mwandae mtoto anyonye."

Alitia magauni mawili na sweta kwenye mfuko. Hakusikia uchungu, alitafuta, hakuuona. Alipofika kwenye kitanda cha mtoto alitamani utosi ule, harufu ambayo hakuwahi kuipata tangu mtoto azaliwe. Akabana pua kwa vidole viwili, kama apitaye jalalani, akapita.

Nyuma yake asali ilinyanyuka ikamfuata.

Alikuwa kizingitini aliposikia mtoto akivuta pumzi puani, mara moja, mara mbili, akinusa. Halafu kimya. Halafu kumeza.

"Mama!" binti aliita. "Mama, njoo uone!"

Bibi alitoka, akafunga mlango.