Kengele ya Pili ya Mama Sidonie

Émérence alitoka sokoni na ndagala, samaki wadogo wa mlo wa jioni, akapitia ufukweni kumchukua mume wake wakale.

Willy alikuwa na wapenzi wa meli ya Mama Sidonie, kama kawaida. Meli ile ya abiria ilipeleka watu Moba na Kigoma hadi mashine ikafa, ikakatwa vipande, ikauzwa chuma. Ikabaki ngazi na kengele, wakazisimamisha mchangani. Watu wazima, jamani! Kila Jumamosi wanapanda ngazi isiyofika popote, wanapunga leso. Kalemie nzima imecheka hadi imechoka.

Zamani kengele ililia mara mbili. Ya kwanza, abiria wapande. Ya pili, wasindikizaji washuke. Wapenzi hawa waliifuta ya pili.

"Ile inaliza watu," alisema Papa Onésime, mkuu wao.

Mmoja wao, Urbain, alipanda akicheka, akafa kabla mwezi haujaisha. Akafuata Victorine. Watu walisema malaria. Émérence alisema uchawi, na Willy akamcheka.

Jioni hiyo Willy alisimama juu kabisa, mkononi tikiti ya meli hiyo, ya marehemu baba yake, aliyoikuta sandukuni. Papa Onésime akavuta kamba ya kengele, iliyoning'inia kando ya ngazi.

Ngooo...

Ziwa likanyamaza. Ikaja harufu ya mazuti ya mashine na samaki wa moshi. Kisha nyayo zenye maji zikasikika juu ya chuma. Twa... twa... Wala hakuna aliyekuwa akipanda.

Nyuma ya Willy, penye hewa tupu, mtu alisogea kumpa nafasi.

Urbain.

Papa Onésime akaachia kamba, akakimbia, wenzake nyuma yake. Émérence akatupa ndagala, akapanda mbio, akamshika mume wake. Mkono ulikuwa baridi, umelowa.

"Papa Elsa, shuka," alinong'ona. "Mutoto anatungoja."

"Siwezi, Mama Elsa. Hawajatuambia tushuke."

Ndipo akaikumbuka kengele ya pili. Mungu wangu! Akaidaka kamba, akavuta kwa nguvu zake zote.

Ngooo...

Miguu ya Émérence ikageuka yenyewe.

Hakuna aliyemsukuma. Alishikilia chuma hadi kucha zikakatika, na bado miguu ilimteremsha. Urbain na Victorine nao wakashuka, wakampita, wakapotelea mchangani.

Willy hakushuka. Yeye alikuwa na tikiti.

"Willy! Itupe!"

Alimpungia leso, taratibu, kama mtu anayekwenda mbali.

Asubuhi walimkuta chini ya ngazi, hana hata mchubuko. Walipomfungua kiganja, tikiti ilikuwa imechanwa nusu, kama inavyochanwa na mkaguzi. La kuvunda halina ubani. Walimzika, na kengele wakaitosa ziwani, kilindini. Jumamosi jioni bado inalia, mara moja tu.

Siku hizi Émérence anawafuata wafanyabiashara wa Kigoma wakishusha mizigo. "Papa, hamuna tikiti ya Sidonie? Hata ya zamani? Nimufuate Papa Elsa." Wanamhurumia, wanasema hapana.

Juzi, jua likizama, mgeni mmoja alisimama mlangoni kwake, suruali ikichuruzika maji.

"Iko," alinong'ona. "Ya muntu moja."

Ndani, Elsa alikuwa anaita: "Mama, nani huyo?"

Émérence alikuwa amekwisha kunyoosha mkono.