Kadi ya Pili

Mtoto aliyenyolewa hachani nywele. Hilo halihitaji kusomewa. Na Juliet, binti wa Abalo, miaka saba, alikuwa amenyolewa wiki ile ile kama wanafunzi wenzake wote wa shule, kichwa kikabaki kitupu kinang'aa mafuta. Kwa hiyo Jumamosi moja, saa sita mchana, Abalo alipomkuta amekaa kitandani ameupa mlango mgongo, anapitisha kitana hewani kuanzia utosini, polepole, mpaka kiunoni, alicheka.

"We Juliet, unachana nini hapo?"

Mtoto hakugeuka. Kitana kilipanda, kikashuka tena, na safari hii Abalo akasikia sauti yake, krrr, krrr, meno ya kitana yakipita katika nywele nyingi, nzito, zilizolowa maji. Kicheko kikamkaukia mdomoni. Akanusa, akasikia harufu ya jiwe lililochomwa na jua kutwa likamwagiwa maji, na pale Bukoto, mtaa wao wa Kampala, maji yalikuwa yamekatika tangu Alhamisi.

Akafunga mlango taratibu, akarudi jikoni kumenya viazi. Ndiyo, alirudi kumenya viazi! Mtu anayejua alichokifanya hana haraka ya kuuliza.

Ngoja niwaambie alichokifanya, maana yeye mwenyewe alikaa nacho miezi mingi bila kumwambia mtu. Abalo ni mpiga picha. Ana studio ndogo Wandegeya, anapiga wanafunzi wakihitimu, anapiga harusi, anapiga misiba. Mumewe, Onen, ni askari polisi. Wote wawili ni watoto wa kambini, baba zao walikuwa askari kutoka kaskazini, na Kiswahili ndicho walichokulia katika zile nyumba za mabati. Watu wa heshima, kanisani wana benchi yao.

Mwaka jana, mwezi wa nane, Abalo alijiunga na safari ya wapiga picha: watu saba kutoka Kampala, gari moja, siku kumi, kwenda nchi ya makorongo huko kaskazini mwa Kenya, jangwani kabisa, ambako mito ilikufa zamani ikaacha kuta za mawe mekundu zimesimama huku na huku. Aliyewaongoza ni Kaltumi, binti wa huko huko aliyehamia Kampala, mtaa wa Kisenyi, mtu wa maneno machache, anayejua mwamba gani unapendeza alfajiri na upi usubiriwe jioni. Ndiye aliyemfundisha Abalo kulisubiri jua. Walilala hema moja, wakapika pamoja, wakaitana dada.

Katika korongo la mwisho kulikuwa na dimbwi. Wazee wa pale wana sharti moja tu: saa sita mchana wanawake huoga pale, na wengine wanaooga hapo si binadamu. Pita, salimu, kunywa, lakini usipige picha. Kaltumi alitaka kamera zibaki garini. Thubutu! Mpiga picha wa Kampala aache kamera garini? Sisi ambao wezi hutung'olea taa za gari tukiwa ndani yake tumekaa! Wakabishana, mwisho wakapatana hivi: kila mtu aingie na kamera yake shingoni, ila atoe ile kadi inayohifadhi picha, aiweke kwenye kifuniko cha kibuyu cha maziwa. Kaltumi akakibeba kifuniko mbele ya wazee, akaapa kwa jina la baba yake kwamba wageni wake wameingia bila macho.

Abalo alitoa kadi yake kama wenzake. Kamera yake ina nafasi mbili za kadi. Ya pili hakuitoa.

Mle korongoni alimwona mwanamke amekaa juu ya jiwe, mabega wazi, anachana nywele zilizomfika kiunoni. Kwa mazoea ya msibani, ambako mpiga picha husogea mpaka kwenye jeneza na hakuna anayemwuliza, Abalo akainua kamera. Mwanamke akamwona. Akanyanyua mkono kujificha uso. Abalo akabonyeza kabla mkono haujafika. Alipoishusha kamera jiwe lilikuwa tupu, kavu, halina hata alama ya unyevu. Hakuogopa. Alichokisikia, na hili ndilo linalomchoma mpaka leo, kilikuwa furaha.

Picha ile ikashinda mashindano. Kampuni moja ikainunua, ikaitia kwenye kalenda ya mwaka mzima, na kalenda zikasambaa Kampala yote, kwenye maofisi, kwenye maduka ya dawa, kwenye mabaa. Watu walipomwuliza, Abalo alijibu huku anatabasamu, "Nilimwomba ruhusa. Hata alicheka." Kaltumi aliiona kalenda hiyo Kisenyi, ukutani kwa muuza matairi. Akapiga simu mara kumi na moja. Abalo aliitazama simu ikitetemeka mezani, hakuipokea hata mara moja.

Baada ya Jumamosi ile mambo hayakukawia. Jumatatu mwalimu aliwapigia simu: ikifika saa sita, Juliet anaingia chini ya dawati, anajifunika sweta kichwani, mwenzake akimtazama analia. Jumanne wakampeleka hospitali. Malaria hakuna, homa ya matumbo hakuna. Jumatano wakamwacha nyumbani. Asubuhi alikuwa mtoto tu, anakunywa uji, anaulizia katuni. Ilipokaribia saa sita akavuta shuka, akajiviringisha lote, akajibanza pembeni mwa kabati.

"Juliet, mama yuko hapa," Abalo akanong'ona. "Toa shuka nikuone."

"Geuka." Sauti ilikuwa ya mtoto, lakini maneno yalitoka mazito, yamekokotwa. "Wananiangalia wengi. Na wewe unaongeza?"

"Nani anakuangalia, mwanangu? Tuko wawili tu."

"Wengi. Kuna mwanamke yuko nyuma ya kaunta anaandika, akichoka ananiangalia. Kuna wanaume watatu wanakunywa bia, mmoja anauliza wenzake, 'Hii kitu ni ya wapi?' wanacheka. Kuna askari anakula chapati na mayai, ananiangalia anatafuna. Sasa amemwaga chai. Imeingia kwenye mkono wa shati, anasema, 'Ah, banange, jamani, hii shati nimevaa leo tu.'"

Abalo alikaa sakafuni. Nyuma ya shuka kitana kilikuwa kinapita, krrr, krrr, na chini ya shuka maji yakaanza kutoka, membamba, yamebeba mchanga mwekundu, yakatambaa juu ya vigae mpaka kwenye nyayo zake, nayo yalikuwa ya moto kama yametoka juani.

Jioni Onen alirudi. Mkono wa kulia wa shati ulikuwa na doa la chai kutoka kwenye kifungo mpaka kiwiko.

"Leo mchana ulikula nini?" Abalo akamwuliza.

"Chapati na mayai. Kwani?"

"Ukila unaangalia wapi?"

Onen akashangaa. "Naangalia wapi? Naangalia ile kalenda yako, bwana. Nimeiweka juu ya meza yangu, kila mtu akiingia namwambia hii ni kazi ya mke wangu." Akamtazama vizuri. "Abalo, kuna nini? Hii ya mtoto si kitu ya hospitali. Wewe unajua kitu. Sema."

Hapo ndipo angesema. Mtu na mumewe, chumba kimoja, mtoto amelala. Lakini aibu ina akili yake. Akamwambia nusu: kwamba picha ile ilipigwa mahali palipokatazwa, kwamba Kaltumi huenda akajua dawa. Kadi ya pili hakuitaja. Usiku huo hakupata usingizi, na asubuhi aliipiga mwenyewe ile namba aliyoikimbia.

"Mlete," Kaltumi alisema, akakata.

Shangazi yake Kaltumi anauza ubani Kisenyi, na nyuma ya duka ana chumba cha mikeka anamowatibia watu waliopandwa na pepo. Mwanamke mfupi, miwani imefungwa uzi. Hakuuliza mengi. Alimlaza Juliet ndani ya shuka lake, akaweka makaa kwenye chetezo, akafukiza ubani, akasoma dua. Kaltumi alikaa karibu na mlango. Hakumsalimu Abalo, wala Abalo hakuthubutu kumtazama.

Ilipofika saa sita kelele zote za gereji za nje zikawa kama zimezibwa na godoro. Shuka likainuka. Mtoto akaketi.

"Wewe ni nani?" shangazi akauliza kwa upole.

"Mwenye maji." Sauti ya mtoto ilikuwa imekwisha kabisa. "Sikuja kwa miguu yangu. Nimeletwa gizani ndani ya chombo cha huyu, kama kuku anavyobebwa na mwizi."

"Na huyu mtoto amekukosea nini?"

"Hajanikosea. Mwambie mama yake aseme. Nikisikia, natoka."

Wote wakamgeukia Abalo. Onen alikuwa ameshika kofia yake ya kazi kwa mikono miwili. Abalo akafungua mdomo, na huwezi kuamini, mpaka hapo, mwanawe yuko mbele yake namna ile, ulimi ukatafuta pa kujificha.

"Nilisahau," akasema. "Kamera ina kadi mbili. Nilisahau ile nyingine."

Shuka likamng'ang'ania mtoto usoni, likaingia mdomoni na puani kana kwamba mtu analivuta kutoka ndani, na mtoto akaanza kupiga mikeka kwa visigino, na Onen akalirukia shuka akalivuta kwa nguvu zake zote za askari lakini halikutoka, na kucha zake zikakatika, na shangazi akawa anasoma kwa sauti iliyopanda na kupanda huku makaa yakizimika moja moja, na maji mekundu yakatoka chini ya kuta zote nne yakawalowesha magoti, na visigino vya mtoto vikaanza kupiga polepole, halafu kimoja tu, halafu kikatulia.

"Nilijua!" Abalo akapiga yowe. "Nilijua! Sikusahau, nilijua ipo, niliishika kwa kidole kuhakikisha! Yule mama aliinua mkono ajifiche nikamwahi! Sikuomba ruhusa, nilidanganya watu wote, nilidanganya magazeti, nilikudanganya wewe Onen. Kaltumi aliapa kwa jina la baba yake na mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikamsikia anaapa, nikanyamaza. Nilitaka picha. Basi. Nilitaka picha tu!"

Shuka likalegea. Mtoto akavuta pumzi, kwa kelele, kama aliyeibuka majini. Onen akaliachia shuka. Alimtazama mke wake kwa namna ambayo Abalo alitamani angempiga kofi badala yake. Kutoka mlangoni Kaltumi akasema, taratibu kabisa, "Baba yangu haruhusiwi tena kushuka pale dimbwini kunywesha ngamia. Walimfukuza. Nilikuwa nakupigia simu nikuulize kama ni kweli, kwa sababu nilikuwa nikikutetea."

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Abalo aliinamisha kichwa mpaka paji likagusa mkeka uliolowa.

"Nitazichoma," akasema. "Kalenda zote nitazifuata, nyumba kwa nyumba."

"Mia tisa?" Mwenye maji akauliza. "Na za kwenye simu utazifuata wapi?"

"Basi mwache mtoto. Ingia kwangu."

Halafu yule aliye ndani ya mtoto akacheka, kicheko kidogo tu, cha mwanamke aliyechoka. "Kwako? Nikae kwako ambako hakuna pa kujisitiri? Hapana. Nimeahidi kutoka, natoka. Mimi nikiahidi natimiza. Ila ulichukua sura moja bila ruhusa. Na mimi naondoka na sura moja."

"Sura ipi?" shangazi akauliza haraka. "Taja! Usiondoke hujataja!"

Kelele za gereji zikarudi zote kwa pamoja, nyundo, pikipiki, mtu anamwita mtu. Mikeka ilikuwa mikavu. Juliet alikuwa amelala ubavu, kidole mdomoni, anakoroma.

Wakamkagua uso kwa hofu, Onen akamshika pua, mdomo, masikio. Vyote vipo. Sura yake ni ile ile. Shangazi akavua miwani akaifuta, akasema Mungu ni mkubwa, na Onen akaanza kulia waziwazi bila kujificha.

Mtoto akaamka baada ya muda. "Baba, nataka soda," akasema, sauti yake mwenyewe, nyembamba, ya kudeka. Onen akacheka huku anajifuta machozi. Akamwuliza jina la shule, akataja. Jina la mwalimu, akataja. Kwao wapi? Bukoto, ghorofa ya pili, mlango wa bluu. Soda ikaletwa, akainywa nusu bila kupumua.

"Haya, nenda kwa mama," Onen akasema. Alisema kwa shida, lakini alisema.

Abalo alikuwa amekwisha kunyoosha mikono. Juliet akaangalia huku na huku chumbani. Akamtazama Kaltumi. Akamtazama shangazi. Kisha akamtazama Abalo, moja kwa moja usoni, kwa macho safi yasiyo na hofu wala chuki, akaweka chupa chini vizuri isimwagike. Akapiga magoti mbele yake, akaunganisha viganja na kuinamisha macho, vile watoto waliolelewa vizuri wanavyomsalimu mgeni.

"Habari yako, aunti," akasema. "Wewe ni rafiki wa baba?"

Mtoto akabaki amepiga magoti, anangoja, maana alifundishwa asiinuke mpaka mkubwa aitikie.

"Nzuri," Abalo akaitikia. "Nzuri, mtoto mzuri. Inuka."