Sosi ya Nyanya Iliyomwaga Damu Ikwiriri

Mume wangu alikuwa anafyeka nyanya zangu kwa panga!

Saa nne asubuhi. Jua kali. Nyanya mbivu zinapasuka, maji mekundu yanamrukia shati...

"Baba Yasmin! Umepatwa na nini?"

"Leo utanitambua!"

Nyie, nyanya nilizozimwagilia kwa ndoo miezi mitatu!

Naitwa Zuena, niko hapa Ikwiriri. Kazi yangu ni sosi ya nyanya. Nazichuma nyuma ya nyumba, nazitia maji ya moto, nazimenya maganda. Nakaanga kitunguu na saumu, natupia majani ya mrehani, naacha itokote taratibu mpaka iwe nzito. Kila Ijumaa, Mustapha, mpishi wa gesti moja hapa mjini, anakuja kuichukua awapakulie wageni wake na spageti.

Ni hivyo tu. Wallahi hakuna kingine.

Siku hiyo sufuria lilikuwa mafigani, uani, linatokota.

Mume wangu, Mudathiri, akatupa panga, akanikamata nywele.

"Huyo Mustapha ana nini na wewe?"

"Anachukua sosi!"

"Sosi?!"

Kofi! Nikaona vimulimuli. Damu ikanijaa mdomoni.

"Nani kakwambia maneno hayo?"

"Mtu wako wa karibu kabisa!"

Nikajua tu. Mama mkwe!

Bi Mwamini tunaishi naye mwaka wa sita, na sijawahi kusikia neno zuri kutoka kwake. Na muda ule alikuwa pale pale uani, anatwanga mpunga, katupa mgongo.

"Mama, nisaidie! Ananiua!"

Mchi unaendelea tu... du! du! du!

Jamani, moyo uliniuma kuliko lile kofi.

Mudathiri akaniburuza mpaka mafigani. Magoti yananichubuka, kanga inanivuka.

"Mkono huu ndio unaompikia mwanaume mwenzangu? Leo utaiva wenyewe!"

"Baba Yasmin, nakuomba! Mfikirie mwanao!"

Akanikandamiza. Vidole viwili vikazama kwenye sosi.

Sauti niliyoitoa sijui ilitoka wapi.

Hapo mchi ukanyamaza.

Paa!

Mkono wa Mudathiri ukaniachia. Akayumba, akajikwaa kwenye figa, sufuria likapinduka... sosi yote miguuni kwake! Akaanguka chini anapiga mayowe.

Nikageuka.

Bi Mwamini kasimama na mchi mikononi.

"Mama! Unanipiga mimi? Mwanao?"

"Nimechelewa kukupiga."

Akapandisha mkono wa gauni mpaka begani. Nyie... kovu! Limejikunja kuanzia kiwiko mpaka kwapani.

"Baba yako alinimwagia uji wa moto. Wewe ulikuwa na miaka saba, umesimama mlangoni. Ukaniuliza nani kaniumiza, nikakwambia nimeanguka. Nilikuficha aibu ya baba yako, Mudathiri. Leo umeivaa wewe."

Mudathiri analia tu, miguu inamvimba.

"Nani kakuletea habari za Mustapha?" mama akamuuliza.

"Muzdalifa."

Weee!

Muzdalifa shosti yangu! Niliyemfundisha sosi hiyo hiyo kwa mkono wangu, hatua kwa hatua. Baadaye nikaambiwa, nilipokuwa nafungwa bandeji, yeye alikuwa gesti na ndoo yake, anamwambia Mustapha, "Zuena kaacha kupika, sasa chukua kwangu."

Kumbe alikuwa anautaka mlango wangu wa riziki. Na mimi nilikuwa namlaani mwanamke asiye na kosa!

Jioni ndugu wa mume wakajaa nyumbani.

"Yamalizeni ndani. Haya ni mambo ya ndani."

Bi Mwamini akawatazama mmoja mmoja.

"Ndani ndiko nilikoozea mimi," akasema. Kisha akanigeukia. "Zuena mwanangu, jitande ushungi, twende."

Mwanangu! Machozi yakanitoka.

Polisi, nilipomaliza kumshtaki mume wangu, afande mmoja wa kike akamuuliza Bi Mwamini, "Bibi, wewe ni nani wa mtuhumiwa?"

"Mama yake mzazi."

"Umekuja kumtetea?"

"Hapana. Nimekuja kusema nilichokiona."

Akasema yote. Panga, nywele, vidole, hata mchi wake hakuuficha. Halafu akaomba aandikiwe na jambo jingine, lile la uji wa moto, la miaka ishirini na tisa nyuma. Afande akamwambia, kama mtu huyo keshafariki, hawezi kushtakiwa tena.

"Najua," Bi Mwamini akajibu. "Liandike tu, mkwe wangu alisikie likisomwa."

Likasomwa. Akabonyeza dole gumba kwenye karatasi, akashusha pumzi ndefu.

Wenzangu mnaosoma, shosti anayekuchekea mchunguze, na mkwe anayekununia usimhukumu haraka. Ila kubwa zaidi ni hili: mtoto wako akikuuliza nani kakuumiza, mwambie ukweli.