Gari la Kundi la Kwanza

Jaji mkuu wa maonyesho ya magari ya kale alikutwa saa moja asubuhi, kifudifudi kando ya gari la kijivu, ukumbi ukiwa bado haujafunguliwa kwa watazamaji. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Mkono wake wa kulia ulifumbata sumaku ndogo iliyofungwa kwa kitambaa laini.

"Pigo moja," alisema daktari wa polisi. "Chuma kizito. Hana hata saa moja tangu afe."

Inspekta alichuchumaa. Alikuwa mwanamke mfupi, mchache wa maneno, na koplo wake alikwisha kujua kwamba akinyamaza hivyo si vizuri kumsemesha.

"Sumaku ya nini hii?" aliuliza hatimaye.

Katibu wa chama cha wenye magari hayo alijifuta macho. "Ya kutafutia puti, afande, ile lipu ya kuzibia bati lililobonyea. Inashika bati, puti haiishiki. Kitambaa ni cha kulinda rangi. Marehemu hakuwa mtu wa kudanganyika. Tulimwita Sentimita."

"Puti inamhusu nini?"

"Makundi, afande. Kundi la Kwanza ni magari yaliyobaki kama yalivyotoka kiwandani. Rangi ile ile, viti vile vile, hata mfuko wa spana uwe ule ule. La Pili ni yaliyokarabatiwa, na mwenyewe anaandika nini kilitengenezwa, lini na kwa nini. La Tatu ni yaliyobadilishwa, kama lile jekundu pale lenye injini ya lori." Akavuta pumzi. "Huwezi kumshindanisha bibi mwenye meno yake na bibi mwenye meno ya bandia. Wote wazuri, ila kila mmoja na kundi lake."

Koplo alitaka kucheka. Aliuona uso wa inspekta, akaahirisha.

Kundi la Kwanza lilikuwa na magari tisa. Kwenye ubao wa marehemu wa kubania karatasi zilibaki fomu nane za ukaguzi. Iliyokosekana ilikuwa ya gari la kijivu.

"Mtu kufia kando ya gari si ushahidi dhidi ya mwenye gari," inspekta alisema. "Tuyakague yote."

Wataalamu walipomaliza kupiga picha, aliazima sumaku nyingine kwa katibu, akaanza gari la kwanza. Milango, boneti, madigadi. Sumaku ilishika kila mahali. Gari la pili, la tatu, mpaka la nane, hivyo hivyo. Kwenye gari la kijivu ilishika boneti, ikashika mlango. Alipoiweka juu ya madigadi ya mbele kushoto, iliteleza ikaanguka sakafuni.

Wakati huo koplo alikuwa akilinganisha orodha ya vifaa na mfuko uliokuwa kwenye buti ya gari hilo.

"Afande, wili spana haipo, ile ya kufungulia magurudumu."

Waliipata baada ya dakika ishirini, imefukiwa kwenye ndoo ya mchanga wa kuzimia moto karibu na mlango wa nyuma. Ilikuwa na damu na nywele mbili za mvi. Ikaingizwa kwenye mfuko wa vielelezo na kupelekwa maabara.

Inspekta hakuridhika. Alichukua ubao wa marehemu, akauinamisha kwenye mwanga wa dirisha. Sentimita alikuwa mtu wa kukandamiza kalamu. Inspekta alipitisha penseli taratibu juu ya karatasi ya juu, maandishi yakajitokeza meupe: *Lihamie Kundi la Pili. Mwenye gari aeleze madigadi ya kushoto. Lini? Kwa nini?*

"Usimwambie mtu," alimwambia koplo.

Mwenye gari alikuwa mkunga wa makamo, mikono mikavu kwa kunawa mara kwa mara. Tangu saa kumi na mbili alikuwa mezani kwa katibu akijaza karatasi, na katibu alithibitisha.

"Gari ni la marehemu baba," alisema. "Halijaguswa na fundi yeyote wa bodi. Naapa."

"Limewahi kuwa mikononi mwa mtu mwingine?"

"Kaka yangu tu, huyu niliyekuja naye leo. Mwaka ule niliokuwa chuo cha ukunga. Miaka kumi na moja sasa."

Inspekta alitoka nje, akapiga simu kituoni. Alitaka majalada ya ajali ambazo dereva hakupatikana, ya mwaka huo. Jibu liliporudi, ndipo alipomwita kaka mtu.

Alikuwa mmiliki wa shule ya udereva, shati limenyooshwa, sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa.

"Ulikuwa wapi saa kumi na mbili na nusu?"

"Nje. Nakunywa chai."

"Na nani?"

"Peke yangu."

"Ulionana na jaji?"

"Sikuonana naye kabisa."

"Alikuwa na mashaka na gari lenu."

"Mashaka gani? Gari zima kama yai. Hakukuwa na sababu ya kulihamisha kundi."

Inspekta aliweka kalamu chini. "Nani amekuambia alitaka kulihamisha?"

Kaka mtu alirekebisha ukosi wa shati lake.

"Katibu hajui," inspekta aliendelea. "Dada yako hajui. Aliyejua ni marehemu, na aliyechukua fomu. Wili spana iko maabara, na vidole vyako tutavichukua sasa hivi. Waweza kusubiri majibu, au useme."

Mwanamume alitazama viganja vyake.

"Nilimsihi," alisema. "Nikamwambia tutaliondoa gari, twende zetu nyumbani. Akasema fomu ikishaandikwa haichanwi, atamwita dada amuulize. Akageuka kwenda kumwita. Mfuko wa spana ulikuwa wazi mbele yangu."

"Mtu hauawi kwa puti."

Inspekta alifungua daftari lake.

"Miaka kumi na moja iliyopita," inspekta alisema, "fundi cherehani, mama wa watoto wawili, aligongwa akitoka kazini jioni. Shahidi aliona gari la kijivu. Halikusimama."

"Nilisimama," alisema mwanamume. "Mbele kidogo. Nikamwona kwenye kioo. Alikuwa bado anasogeza mkono. Nikaondoka. Nilinyoosha bati mwenyewe, nikapiga puti, nikapaka rangi. Na kesho yake nilikuwa na wanafunzi wanne wa kuwafundisha breki."

Koplo alimfunga pingu.

Dada mtu aliambiwa kwenye chumba cha katibu. Alisikiliza akiwa wima, akakataa kiti.

"Kila Jumamosi naliosha gari lile," alisema. "Yeye husimama pembeni akinionyesha palipobaki vumbi." Akamgeukia inspekta. "Watoto wa yule mama wako wapi?"

"Walilelewa na shangazi yao. Ni watu wazima sasa. Nakwenda kwao leo hii."

"Twende wote, afande."

"Hapana. Wewe una msiba wako, wao wana wao. Wakikubali kukuona, nitakuita mwenyewe."

Mkunga alichukua kipande cha karatasi, akaandika namba yake ya simu kwa tarakimu kubwa. Aliisoma kwa sauti, akaisoma tena, ndipo akamkabidhi inspekta.