Habari za Somo la Leo

Kila asubuhi, kabla mama yake hajaketi kwenye cherehani, Chiriku alikuwa na kazi tatu. Ya kwanza ni kufagia vipande vya vitambaa vilivyobaki jana. Ya pili ni kupitisha sumaku sakafuni ili kuokota pini, maana pini iliyosahaulika haikosi unyayo wa mtu, na mara nyingi unyayo huo ulikuwa wake mwenyewe. Ya tatu ni kuegemeza simu ya mama kwenye kopo la vifungo, pale karibu na dirisha ambapo mtandao haukatiki ovyo, na kungoja somo.

Jina la Chiriku alilipata kwa mdomo wake. Chai ikipungua sukari, atasema. Jirani akivaa soksi za rangi mbili, atasema, tena kwa sauti ya kusikika mpaka mtaa wa pili. "Huyu mtoto wangu," mama yake hupenda kuwaambia wateja, "alianza kuongea, kulia akajifunza baadaye." Basi ungedhani mtoto wa namna hiyo hawezi kukaa na jambo kifuani. Na mimi ningedhani hivyo hivyo, kama nisingejua yaliyotokea muhula ule.

Muhula ule mvua kubwa ilipasua kuta za madarasa matatu shuleni kwao. Mafundi wakaitwa, na darasa la sita likaambiwa lisome nyumbani kwa simu mpaka kazi iishe. Kila siku Mwalimu wa Hisabati alijirekodi mbele ya ubao, akaituma ile video kwenye kundi la wazazi, na nyuma yake akatuma fomu fupi. Fomu yenyewe ilikuwa na swali moja tu: "Habari za somo la leo?" Chini yake kulikuwa na vitufe vitatu: Nzuri sana, Nzuri, Si nzuri. Halafu palikuwa na nafasi ya kuandika maoni.

Siku moja somo lilikuwa kugawanya sehemu. Mwalimu alianza vizuri, kwa sauti yake ya upole. Dakika ya saba, alipofika penye kiini cha mambo, jua likapiga ubao na maandishi yote yakawa weupe mtupu. Wakati huo huo mama naye akakanyaga cherehani, krrrrr, anamalizia pindo la shuka. Katika maneno yote ya mwalimu, Chiriku alinasa moja tu: "...igeuze... kisha zidisha."

Igeuze ipi? Alitaka kurudisha video nyuma, lakini simu ikaita. Mteja anauliza suruali yake imefika wapi. Mama akaongea naye, akaahidi, akacheka, akairudisha simu kwenye kopo la vifungo. Video ilipofunguka tena ilikuwa mwishoni kabisa, mwalimu anaaga kwa mkono.

Fomu ikaingia. Habari za somo la leo?

Chiriku hakufikiri hata kidogo. Kidole kilikwenda chenyewe kwenye "Nzuri", kama mdomo unavyokwenda wenyewe mtu akikupita njiani na kukuuliza habari. Kwenye maoni akaandika, "Asante, mwalimu. Kazi njema." Ndivyo alivyofanya siku hiyo, na ndivyo alivyokuwa amefanya kwa wiki tatu mfululizo.

Mchana akaja Profesa, mtoto wa jirani aliyesoma naye darasa moja. Profesa hakuwa profesa wa chochote. Miwani yake mikubwa ndiyo iliyomponza.

"Umeelewa la leo?" akauliza.

"Mbona rahisi," alisema Chiriku. "Unageuza, unazidisha."

"Ndiyo. Unageuza, unazidisha," alisema Profesa, akitazama pembeni.

Wakatazamana, kila mmoja akiamini kwamba mwenzake anajua na yeye peke yake ndiye mbumbumbu. Walikuwa na sababu ya kuogopa. Mtihani wa kufunga muhula ulikuwa umebakiza wiki mbili, na barua ya shule ilisema wazi: atakayeanguka Hisabati atarudia darasa la sita. Chiriku alikwisha kujiona ameketi dawati moja na watoto wadogo, wenzake wakimpungia mkono kutoka darasa la saba. Picha hiyo ilimnyima raha, lakini hakumwambia mtu.

Siku iliyofuata, mama alitandaza mezani kitambaa cha bluu. Mpishi wa hoteli alikuwa ameagiza aproni za wafanyakazi wake.

"Chiriku, njoo nikupime," alisema mama, futi yake ya kupimia ikining'inia shingoni. "Hapa nina mita nne na nusu. Aproni moja inakula robo tatu ya mita. Nitapata aproni ngapi? Mimi jibu ninalo mikononi. Nataka la kwako, la kitabuni."

Chiriku akachukua daftari. Nne na nusu akaiandika tisa juu ya mbili. Kisha akageuza, na kwa kuwa hakujua ageuze ipi, akageuza ile ya kwanza. Akazidisha, akafupisha, akahakiki mara mbili.

"Nimepata, mama. Moja ya sita."

"Moja ya sita ya nini?"

"Ya... aproni."

Mama alikitazama kitambaa kilichojaa meza nzima, kikamwagika mpaka kwenye kiti. Akamtazama binti yake. Kisha akacheka mpaka akaegemea cherehani. "Haki ya nani! Kitambaa chote hiki kisitoe hata mfuko wa aproni? Mpishi atafunga nini kiunoni, kamba?"

Chiriku naye alijaribu kucheka, lakini kicheko kikageuka kwikwi. Machozi yakamtoka. Mama akaacha kucheka papo hapo, akavuta kigoda, akamketisha.

"Kwani kuna nini, mwanangu?"

"Sielewi, mama. Tangu tuanze sehemu sielewi. Nitarudia darasa."

"Na kila siku nikikuuliza habari za somo, unanijibu nini?"

"Nzuri," alisema Chiriku kwa sauti ndogo.

"Na mwalimu je?"

Chiriku akamwonyesha fomu. Nzuri, Nzuri, Nzuri, tangu juu mpaka chini.

Mama aliipitia yote kwa macho. Akaivua ile futi shingoni, akaanza kuizungushia kidoleni, kama afanyavyo akiwa na jambo zito.

"Unamkumbuka yule muuguzi aliyekuwa akiagiza magauni kwa simu? Nilimshonea la mwisho, nikamtumia, nikamwandikia: habari ya gauni? Akajibu: nzuri, asante fundi. Nikafurahi. Kumbe ndiyo kwaheri, hakuagiza tena. Baada ya miezi mingi nikakutana naye dukani kavaa gauni langu lile lile, makwapa yamefumuliwa na kushonwa upya na fundi mwingine. Nikamuuliza, dada, kulikuwa na nini? Akasema, 'Makwapa yalinibana, fundi. Sikutaka kukuvunja moyo.'"

"Sasa si alikuwa na adabu?"

"Alikuwa na adabu, na gauni likambana vile vile. Mimi nami sikujua kosa langu, nikaendelea kukata makwapa madogo kwa wateja wengine. Wangapi walibanwa kwa ile 'nzuri' yake moja? Sijui mpaka leo." Mama akairudisha futi shingoni. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwambie mwalimu wako."

"Mama! Mtoto amwambie mwalimu somo lake halieleweki? Ataniona sina heshima."

"Heshima iko kwenye namna ya kusema. Usimwambie somo ni baya. Mwambie ulipokwama, hapo hapo tu, kama mteja anayenionyesha kwa kidole panapobana. Hapo ndipo ninapopitisha mkasi."

Chiriku, msema yote, siku hiyo alihangaika kutafuta maneno. Alirekodi ujumbe wa sauti akaufuta, akarekodi wa pili akaufuta. Mara ya tatu akapiga moyo konde:

"Shikamoo, mwalimu. Naomba radhi. Nilibonyeza 'Nzuri', lakini sijaelewa kugawanya sehemu. Dakika ya saba jua lilipiga ubao, sikuona kitu. Na huku kwetu cherehani ilikuwa ikilia, kwa hiyo nilisikia 'igeuze' peke yake. Sijui tunageuza ipi, wala kwa nini tunageuza. Naomba unisaidie. Asante, mwalimu."

Akatuma. Alama ikaonyesha kwamba mwalimu amesikiliza. Kisha kimya. Chiriku alipanga vifungo kwa rangi, akavipanga kwa ukubwa, akavirudisha kwenye kopo. Simu iliita mara mbili, na mara zote mbili walikuwa wateja. Alianza kujuta, akawaza kwamba pengine hata angeweza kufukuzwa.

Ilipokaribia saa kumi, simu ikaita tena. Mwalimu.

"Chiriku, umeniliza," alisema mwalimu.

"Nisamehe, mwalimu!"

"Nikusamehe nini? Nimekaa hapa na fomu zenu. Wanafunzi thelathini na wanane, na kila siku 'Nzuri' thelathini na nane. Nilifurahi kweli. Nikasema, darasa langu linapaa, ngoja niongeze mwendo. Kumbe naendesha gari, abiria wote nimewaacha kituoni." Akashusha pumzi. "Sasa nisomee swali langu, kwa sauti."

"Habari za somo la leo?"

"Na mtu akikuuliza habari, unajibuje?"

"Nzuri."

"Hata ukiwa na homa?"

Chiriku akafikiri. "Hata nikiwa na homa, mwalimu."

Mwalimu akaangua kicheko. "Loo! Kumbe mimi sikuwauliza kitu. Niliwasalimia, nanyi mkaniitikia!" Kabla hawajaagana, Chiriku akamsimulia na mkasa wa aproni, pamoja na vipimo vyake.

Jioni hiyo fomu mpya iliingia kwenye kundi. Vile vitufe vitatu havikuwepo. Palikuwa na swali tu na nafasi ya kuandika: "Nilikuacha wapi?" Juu yake mwalimu alikuwa ameandika kwamba mwenzao mmoja amemfundisha jambo, na kwamba kuuliza si ujinga. Hakumtaja mtu.

Majibu yakamiminika. Huyu hakusikia sauti, huyu simu ya nyumbani huipata baba akirudi kutoka kazini, huyu video humgandia katikati, huyu hakujua kwamba inaruhusiwa kuuliza. Profesa aliandika kuliko wote. Alisema aliachwa tangu wiki ya kwanza, na kwamba miwani haimsaidii.

Baada ya siku mbili likaja somo jipya. Lilikuwa fupi, ubao umegeuzwa usielekee jua, na mwalimu alisimama kila hatua. Mara hii mama mwenyewe aliinua mguu kwenye kanyagio na kuzima cherehani bila kuombwa. Mfano wa kwanza uliwafanya wote wawili waruke: mita nne na nusu za kitambaa, aproni moja robo tatu ya mita.

"Kugawanya ni kuuliza: robo tatu zimo ngapi ndani ya nne na nusu?" alisema mwalimu. "Kitambaa ndicho tulicho nacho, kwa hiyo hatukigusi. Tunageuza ile tunayogawia, ile ya pili, kisha tunazidisha."

Chiriku akaandika: tisa juu ya mbili, mara nne juu ya tatu. Akafupisha. Sita! Akakimbilia mezani. Aproni zilikuwa zimekunjwa pale, moja juu ya nyingine. Akazihesabu. Sita.

Siku zile zilizobaki, yeye na Profesa hawakudanganyana tena. Kila mchana waliketi kwenye kigoda na ndoo iliyofudikizwa, na swali lao la kwanza lilikuwa moja: "Wewe amekuacha wapi?"

Mtihani ulifanyika, madarasa yakakamilika, na darasa la sita likarudi shuleni kupokea matokeo, ukuta ukinukia rangi mbichi. Hakuna aliyeanguka Hisabati. Chiriku alikosa swali moja, Profesa mawili. Mwalimu akasimama mbele yao.

"Simu iliwafikishia sauti yangu," alisema, "lakini haikuniletea nyuso zenu. Darasani nikiona mtu amekunja uso, narudia. Kwenye simu uso wenu ulikuwa maneno yenu, na maneno hayo hayakuwa kweli. Nami nilikosea, niliuliza vibaya. Kumbukeni hili: anayeulizwa jambo la kazi akajibu kwa salamu, anamnyima mwenzake nafasi ya kumsaidia. Semeni kweli, semeni kwa adabu, tena semeni mapema."

Chiriku alirudi nyumbani akiruka. Mama alikuwa amemtayarishia zawadi, gauni la kijani lenye mifuko miwili, alilolishona kwa siri wakati mtoto akijisomea. Chiriku akalivaa, akazunguka mara mbili mbele ya kioo. Mama alisimama mlangoni, macho yanang'aa.

"Haya, mwanangu. Habari ya gauni?"

Chiriku akafungua mdomo. Neno lilikuwa tayari ulimini. Akamtazama mama alivyofurahi, akalimeza.

"Nalipenda sana, mama. Mifuko ndiyo nimeipenda zaidi." Akainua mkono taratibu, akaonyesha kwa kidole. "Lakini linabana hapa, kwenye kwapa."

Mama alikunja uso kidogo, maana hakuna fundi anayependa kusikia hivyo. Kisha akacheka, akaushika ule mkono ulioinuliwa, na kwa mkono wa pili akachukua mkasi mdogo wa kufumulia.

"Simama vizuri," alisema. "Nionyeshe tena, panapobana hasa ni wapi?"