Chumba Kisichoziba Jua

Mwezi wa Mei, asubuhi za Kasense zina baridi ya kuuma masikio. Nyumbani kwa Lazaro na mkewe Josefina hakuna anayekunywa uji ndani. Kila mtu hutoka na kikombe chake. Wanaketi nyuma ya nyumba, chini ya ukuta wa mashariki, wanaota jua.

Mwaka huu palikuwa na mtu mmoja zaidi pale ukutani. Alikuwa Bibi Marsiana, mama yake Lazaro. Bibi ana nyumba yake upande wa Namanyere, na alikuwa akiishi peke yake. Wakati wa mvua aliteleza uani, akaumia nyonga. Alilala pale chini muda mrefu kabla jirani hajapita. Lazaro aliposikia, alimfuata siku ileile akamleta Kasense.

Bibi alikubali kuja, lakini hakukubali kuhamia. Mzigo wake ulifungwa kwa kanga ya njano. Ulikaa chini ya kitanda, katika chumba cha mjukuu wake Gaudiosa, katikati ya magunia ya mahindi. Bibi akitaka kitu, alipenyeza mkono, akakitoa, kisha akakaza fundo upya.

"Mama, fungua basi mzigo wako," Josefina alimwambia.

"Wa nini? Si naondoka."

Fundo lile lilimkosesha Lazaro raha. Anampenda sana mama yake. Aliogopa kwamba akirudi ataanguka tena, na safari hii asiwepo wa kumwinua.

Lazaro ni mtu mwema mwenye kasoro moja. Anapenda kushtukiza watu kwa zawadi. Basi aliamua kumjengea mama yake chumba kikubwa, na hakumwambia neno. Alimwita rafiki yake Eustaki, fundi mwashi. Walisimama nyuma ya nyumba, wakaangaza macho.

"Hapa pana nafasi," alisema Lazaro.

"Panatosha kabisa," alisema Eustaki. "Ramani unayo?"

"Ninayo kichwani."

Kesho yake Bibi alitoka na kikombe chake cha uji wa ulezi. Alikuta kamba na vigingi vimepita palepale anapoketi. Mtaro wa msingi ulikuwa umeanza kuchimbwa. Bibi alitazama kamba. Alitazama mtaro. Kisha akarudi ndani na uji wake, bila kuuliza kitu.

Mchana alisema, "Jumamosi naondoka."

Lazaro alichanganyikiwa. "Sasa anaondoka vipi, na zawadi yenyewe hajaiona?" alimwuliza mkewe.

"Ulimwuliza anataka chumba cha namna gani?"

"Zawadi gani tena hiyo ya kuulizana?"

Josefina akatikisa kichwa. "Baba Gaudi, kabla hamjachimba zaidi, tumwite msanifu majengo. Mama Mwanamvua, yule anayenunua maharage yangu mjini, binti yake Husna amesomea kazi hiyo."

"Wasanifu ni wa maghorofa! Mimi naongeza chumba kimoja."

"Ng'ombe wako mmoja alipoumwa, si ulimwita bwana mifugo? Au ulisubiri waumwe kumi?"

Lazaro alijikuna kichwa. Kwa Lazaro, hiyo ndiyo namna ya kukubali.

Husna alifika Alhamisi, amevaa mabuti ya mvua, ana futi ya kupimia na daftari. Josefina alimkaribisha, kisha akamwuliza kwa aibu kidogo, "Samahani mdogo wangu. Nasikia siku hizi kila mtu anajiita mchora ramani. Wewe umesajiliwa?"

Husna hakukasirika. "Unafanya vizuri kuuliza, dada. Namba yangu ya usajili hii hapa. Ukitaka, iulizie kwenye bodi ya wasanifu."

Lazaro alikuwa amesimama kando ya mtaro, tayari kueleza. Lakini Husna alipita, akaingia ndani kwa Bibi kwanza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wewe ndiye umekuja kujenga?"

"Hapana, bibi. Mimi leo nimekuja kuuliza tu."

Bibi akamtazama vizuri. Muda mrefu ulikuwa umepita tangu mtu aje na maswali kwake.

"Ukiamka asubuhi, unafanya nini?" Husna aliuliza.

"Nasali. Halafu natafuta jua. Baridi ikiingia kwenye nyonga hii, hata kuinama siwezi. Pale ukutani ndipo mwili unapofunguka. Namwona Gaudiosa akienda shule. Namsikia mkwe wangu jikoni. Sasa pale pamechimbwa." Alionyesha nje kwa kidevu. "Mwanangu hana nia mbaya. Lakini akishanizibia jua nitakaa wapi? Bora nirudi kwangu. Kule naliota bila kuomba ruhusa."

Lazaro alikuwa amemfuata Husna mpaka mlangoni. Alisikia yote, na moyo ulimuuma.

"Mama, mbona hukusema?"

"Na wewe mbona hukuuliza?"

Wote wawili wakainama. Wanafanana sana wakiinama.

Husna aliwaacha kidogo, akaanza kupima. Alipima nyumba yote ya zamani, chumba kwa chumba, hadi mpaka wa kiwanja. Alimwomba Eustaki achimbe shimo dogo kwenye kona ya nyumba, ili waone msingi wa zamani. Eustaki alichimba, lakini alikuwa amenuna.

"Nimejenga nyumba nyingi bila karatasi," alisema.

"Na mkono wako ni mzuri, kaka. Kona hizi zimenyooka," Husna alimjibu. "Ila tazama huu msingi. Ni mawe na udongo, umeshatulia miaka mingi. Msingi mpya hutitia, hushuka kidogo mwanzoni. Ukizifunga kuta pamoja, moja itavuta nyingine. Utaona nini?"

Eustaki akafikiri. "Ufa."

"Ufa. Kwa hiyo chumba kipya kitasimama kwenye msingi wake. Kuta zinapokutana tutaacha mwanya mdogo, tuuzibe vizuri maji yasiingie. Na paa je? Paa lenu linashuka upande huu wa mashariki. Likiendelea kushuka mita nne zaidi, litaishia wapi?"

Eustaki alinyoosha mkono hewani, akaushusha polepole. Ulifika kifuani kwa Lazaro.

"Utaingia kwa mama yako umeinama," Josefina alimwambia mumewe, akacheka mpaka akafuta machozi. Hata Eustaki alicheka. Kununa kukaisha hapo.

Husna aliwapeleka upande wa kusini, penye rundo la kuni. "Upepo wa baridi unatoka huku," alisema. "Kuni mtazihamisha. Chumba kikikaa hapa, paa litaendelea moja kwa moja kwa kimo kilekile. Ukuta wake tutausogeza kidogo kuelekea mashariki, ukinge upepo usifike pale mnapoketi. Miezi ya baridi jua linachomoza likielekea kaskazini, kwa hiyo chumba hakitalizuia. Bibi akifungua mlango wake, anakanyaga kwenye jua."

"Na choo?" Bibi aliuliza kwa sauti kubwa kutoka kule ndani alikoketi. Kumbe masikio yake hayakuwa na tatizo lolote.

"Choo kitakuwa palepale chumbani, bibi. Mlango mpana, hakuna kizingiti, na chuma cha kushika ukutani."

Bibi alichungulia dirishani. "Basi Jumamosi siondoki," alisema. "Nasubiri kuona huo mchoro."

Mchoro ulipokuja, waliutandika mezani. Josefina alitaka dirisha la jiko lisizibwe. Bibi alitaka kitanda kikae mbali na dirisha la kusini. Lazaro alitaka chumba kiwe kikubwa zaidi, wakamkatalia. Husna alifuta, akachora tena, akafuta.

"Msione haya kunisumbua," alisema. "Kosa la kwenye karatasi nalifuta kwa kifutio. La kwenye tofali Eustaki atalibomoa kwa nyundo, na mtamlipa mara mbili."

Halafu akawakumbusha jambo ambalo Lazaro hakulijua. Hata chumba cha kuongeza kinahitaji kibali cha ujenzi. Walipeleka michoro ofisi ya manispaa wakaomba. Walipokuwa wakisubiri, Lazaro na Eustaki waliandikiana mapatano: kazi gani ifanyike, vifaa gani vitumike, na malipo yatolewe baada ya hatua ipi. Ni marafiki tangu shule ya msingi, na waliona aibu kidogo kuandikiana. Lakini baada ya kutia saini, Eustaki ndiye aliyesema, "Sasa hata tukigombana, tutagombana tukisoma."

Kibali kilitoka, kazi ikaanza. Mtaro wa kwanza ulifukiwa na kushindiliwa. Bibi alirudi mahali pake ukutani, akawa msimamizi asiyeajiriwa.

"Nasubiri nione mwisho wa msingi, ndipo niondoke," alisema mwezi wa Juni.

Husna alikuja kukagua msingi. Alirudi kuta zilipofika kwenye lenta, juu ya milango na madirisha, na alirudi tena kabla bati halijapigwa. Safari moja alikuta mlango wa choo umeachiwa upana mdogo. Eustaki aliufungua mchoro, akapima, akaguna, akarekebisha siku hiyohiyo.

"Nasubiri bati," alisema Bibi mwezi wa Julai. "Siwezi kuondoka nyumba haijaezekwa."

Lazaro alisikia, akatabasamu, lakini hakuthubutu kusema kitu. Aliogopa asije akaharibu.

Agosti chumba kilikwisha. Bibi alihamia siku ya Jumapili, baada ya kutoka kanisani. Usiku ule Lazaro hakulala vizuri. Jumatatu asubuhi alitoka mapema kuliko wote, akazunguka nyuma ya nyumba.

Upepo ulikuwa unavuma juu ya mashamba, lakini pale ukutani ulikuwa umetulia. Mlango wa Bibi ulikuwa wazi. Mwenyewe alishaketi nje kwenye kigoda, miguu ameinyoosha, kikombe mkononi. Lazaro akachungulia ndani. Chini ya kitanda hapakuwa na kitu. Kwenye dirisha la mashariki palikuwa na pazia jipya, la kanga ya njano.

Lazaro akamgeukia. "Mama," alisema, "na mzigo wako uko wapi?"

"Mzigo gani?"

Lazaro alibaki amesimama mbele yake, machozi yanamlengalenga. Bibi alimtazama mwanawe kwa upendo. Kisha akampungia mkono, kama anavyofukuza kuku.

"Sogea huko, Lazaro. Unanizibia jua."