Asilimia Tisini na Nne

Maiti ya Mzee Ngige ilikuwa chali kitandani, mtaani Kibomet, mjini Kitale. Mrija wa oksijeni ulikuwa umemtoka puani ukaangukia shingoni, na mashine bado ilivuma. Wapiga picha walipomaliza, Inspekta Nasambu aliizima mwenyewe. Kelele ile ilimkera mbele ya marehemu.

"Amenyongwa," alisema Zachary, mwanawe mkubwa, aliyefika asubuhi hiyo kutoka Bungoma. Alinyoosha simu. "Hiki kifaa cha kidoleni kinanitumia vipimo vya oksijeni ya damu yake na mapigo ya moyo usiku wote. Oksijeni ikishuka chini ya themanini na tano, king'ora kinalia hapa chumbani, dada yangu Nduta anaamka. Nimeamka leo nikaona tisini na nne, nikashukuru Mungu. Ati mtu wa tisini na nne anakufaje?"

Nasambu alisoma. Hadi saa nne usiku: 88, 86, 84. Ghafla 97. Kisha ikashuka polepole hadi 94, ikatulia.

Daktari wa polisi hakuona alama za kunyongwa. "Mapafu yalikuwa mabovu, akakosa hewa. Alikufa kabla ya saa nane usiku."

"Mbona mapigo yanasomeka mpaka saa kumi na moja?"

"Maiti haina mapigo, Inspekta."

"Na mtu mwenye afya akilala, oksijeni hushuka?"

"Kidogo tu. Kama hivi."

Basi kidole kilikuwa cha mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa amelala. Muuaji gani hulala usingizi wa pono kando ya anayemuua? Nasambu alihuzunika kabla hajauliza lolote.

Nduta, aliyemuuguza baba yake miaka mitatu, alikuwa jikoni akimenyea waombolezaji viazi.

"King'ora kinalia mara ngapi kwa usiku?"

"Ishirini. Siku zingine thelathini. Mrija ukitoka namrudishia. Nikifunga macho tu, kinalia tena."

"Jana ulikivaa wewe."

Kisu kilisimama.

"Ningekizima, Zachary angeona, apige simu. Nikasema nivae saa moja tu. Saa moja, afande!"

"Uliamka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja. Nikamrudishia kifaa. Kidole chake kilikuwa baridi."

Zachary alikuwa mlangoni, amesikia yote. "Si ungeniambia umechoka?"

"Nilikuambia Krismasi. Ukasema Mungu atanilipa."

Nasambu alimngoja Nduta anawe mikono. Shtaka lingekuwa kuua bila kukusudia, na hakulipenda hata kidogo.